Spesa ya Chupa ya Soda: Namna ya Kumpa Mtoto Mwenye Pumu Dawa Imfikie Kifuani

Wazazi wengi ninaokutana nao hapa Nakuru, kuanzia Kaptembwo hadi Bahati, wana inhela nyumbani, kile kikopo cha kubonyeza na kuvuta dawa ya pumu kwa mdomo, na bado watoto wao hulala wameketi. Mara nyingi kosa si la dawa. Mtoto mdogo ni vigumu abonyeze na kuvuta kwa wakati mmoja, kwa hiyo sehemu kubwa ya dawa humgonga ulimi na koo, kisha ikamezwa. Mimi mwenyewe nilikabidhiwa inhela ya binti yangu dirishani pamoja na risiti, bila mtu kunionyesha chochote, na kwa miezi minane nilikuwa nikimtibu ulimi.

Spesa ya dukani, yaani chombo kitupu cha plastiki kinachokaa kati ya inhela na mdomo wa mtoto, huondoa shida hiyo, ila bei yake huwashinda wengi. Habari njema ni kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500, ikizibwa vizuri, hufanya kazi hiyo hiyo; madaktari wa watoto wa Afrika Kusini waliipima katika miaka ya 1990 na kuiona haipitwi na ile ya kununua.

Hatua ya kwanza ni tundu, na hapa ndipo wengi huharibu. Pinda waya wa chuma kuuzunguka mdomo wa inhela hadi upate umbo lake kamili, kisha uupashe moto kwenye jiko, nje ya nyumba, mtoto akiwa mbali, kwa kuwa moshi wa plastiki ni adui wa kifua chake. Ushike kwa koleo, uukandamize kwenye kitako cha chupa hadi plastiki ilainike na kutoboka, halafu uchomeke mdomo wa inhela palepale, kabla plastiki haijapoa, ili iukumbatie. Pakibaki mwanya, uzibe kwa utepe wa gundi. Tundu la kisu lenye mdomo mpana halifai. Dawa itatokea kando nawe hutajua.

Hatua ya pili, toa inhela, uioshe chupa kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya vyombo na uiache ikauke yenyewe. Usiisugue ndani kwa kitambaa, maana plastiki iliyosuguliwa hushika umeme tuli, na umeme huo huivuta dawa ikanata ukutani. Suuza sehemu ya chupa inayoguswa na midomo peke yake. Rudia kuosha mara moja kwa wiki.

Hatua ya tatu, mketishe mtoto wima, tikisa inhela, uichomeke, na umwambie aufumbate mdomo wa chupa kwa midomo yake. Bonyeza mara moja tu. Utaona ukungu mweupe ukielea ndani kama pumzi ya mtu asubuhi ya baridi kule Molo. Mtoto avute na kutoa pumzi mara tano, polepole, bila kuondoa midomo. Subiri nusu dakika, tikisa tena, ndipo ubonyeze mara ya pili. Kubonyeza mara mbili mfululizo ni kupoteza dawa. Mtoto asiyeweza kufumbata chupa, hasa wa chini ya miaka minne, huhitaji barakoa yake ya kuvutia dawa, na hilo mwombe daktari.

Kifua kikibana ghafla, tumia inhela ya buluu, yaani salbutamol: mibonyezo miwili kwa mtoto wa miaka mitano kushuka chini, minne kwa aliyezidi hapo, isipokuwa daktari wake amewaandikia vingine. Akikosa nafuu, rudia baada ya dakika 20 mkiwa njiani kwenda hospitali. Mbavu zikizama anapovuta, akishindwa kuzungumza au kunywa, midomo ikigeuka rangi, au akianza kusinzia, msisubiri dakika hizo; ondokeni mara moja mkiendelea kumpa dawa.

Maswali ya wanachama

*Mama wa Kondele, Kisumu:* Mwalimu, mama mkwe anasema inhela humzoesha mtoto hata asiweze kuishi bila hiyo. Nimjibu nini?

Mjibu kwa heshima kwamba inhela haileweshi wala haina uraibu. Hata hivyo, ameona jambo la kweli: mtoto anayehitaji ile ya buluu zaidi ya mara mbili kwa wiki, pumu yake haijatulizwa. Rudi kliniki uulizie dawa ya kinga, ambayo mara nyingi huja katika inhela ya kahawia, hutumiwa kila siku hata mtoto akiwa mzima, na humlazimu kusukutua mdomo baada ya kuitumia.

*Baba wa Dunga, kando ya Ziwa Victoria:* Wadudu wa ziwani wakija jioni, mtoto hupiga chafya hadi usiku. Je, ni mzio?

Yawezekana. Wadudu hao hufuata taa, hufa dirishani, na mizoga yao husagika kuwa vumbi ambalo huchokoza pua na kifua. Zima taa ya nje mapema, funga madirisha kabla ya magharibi, na asubuhi upanguse kwa kitambaa kibichi badala ya kufagia.

*Mlezi wa Muhoroni:* Shuleni wanaifungia inhela ofisini, na mwenye ufunguo hutoka saa nane. Pia, nitajuaje imeisha?

Andika barua fupi, uambatanishe maelezo ya kliniki, uombe inhela na chupa vikae mkobani mwa mtoto au kwa mwalimu wa darasa. Kuhusu kuisha, usiitumbukize majini kuona kama inaelea wala usitegemee mlio wake, kwa sababu gesi huendelea kutoka hata dawa ikiwa imekwisha. Inhela nyingi za salbutamol zina mibonyezo 200. Soma idadi kwenye kopo, ubandike karatasi mgongoni mwa inhela, na kila mnapobonyeza, chora mstari.