Wiki za mwisho za ujauzito: begi, usafiri, na jinsi ya kuhesabu uchungu bila kukosea

Juzi nimetoka kumsindikiza mdogo wangu leba, mimba yake ya kwanza, na usiku ule tulipoteza kama saa nne kwa kosa dogo tu la kuhesabu. Naandika hii kwa ajili yako uliyefika wiki ya 36, na pia kwa yule atakayekaa na wewe, maana kazi nyingi humu ni yake.

Hatua ya 1: Begi

Lifunge wiki ya 36. Kadi ya kliniki ikae juu kabisa. Pedi kubwa, chupi za kubadilisha, nguo za mtoto, chaja. Mengine unayajua.

Hatua ya 2: Mtu na usafiri

Usafiri wa usiku panga mchana, na uwe na namba mbili za madereva. Halafu muulize mkunga wako mapema, nije lini? Kama ulishawahi kupasuliwa, una mapacha, una presha au unakaa mbali, utaambiwa uje mapema kuliko wengine, basi fuata hilo, achana na hesabu zangu za dakika za hapo chini.

Hatua ya 3: Kuhesabu uchungu (hapa soma taratibu)

Unatafuta vitu viwili. Kwanza mkazo unadumu muda gani: tangu tumbo linapoanza kukaza mpaka linapolegea. Pili, mikazo imepishana dakika ngapi, na hii inahesabiwa tangu mkazo mmoja UNAPOANZA mpaka mwingine UNAPOANZA. Sisi tulikuwa tunaanza kuhesabu pale maumivu yanapoisha, kwa hiyo tukaona dakika tano kumbe ni sita na zaidi, tena tulipima mitatu tu tukakimbia. Kufika, njia imefunguka sentimita moja, tukarudishwa nyumbani, mdogo wangu analia njia nzima na nguvu zimeshamwishia.

Mfano: mkazo umeanza 3:10 usiku, umedumu sekunde 50, unaofuata umeanza 3:18. Imepishana dakika 8. Basi.

Andika kwa kalamu na karatasi, safu mbili, saa ya kuanza na sekunde ulizodumu. Programu za simu zipo ila mimi sizipendi kabisa, mtu akisahau kubonyeza mara moja hesabu yote inaharibika na huoni ilipoharibikia, kwenye karatasi unaona. Na asiandike mwenye uchungu, aandike mwenzake, yeye aseme tu "umeanza", "umeisha".

Kabla ya kuamini kuwa ni wenyewe, badilisha unachofanya: kama ulikuwa umelala tembea, kama ulikuwa unatembea lala kwa ubavu, kunywa maji. Uchungu wa uongo mara nyingi unapoa au unabaki vilevile, unakuja ovyo ovyo. Wa kweli hauachi, unazidi kukaribiana na kuuma, mpaka mtu anashindwa kumalizia sentensi. Kwa mimba ya kwanza isiyo na shida, kipimo kinachotumika sana ni kila dakika 5, unadumu dakika 1, na imekuwa hivyo kwa saa 1 nzima. Mimba ya pili na kuendelea usisubiri hiyo, inaweza kwenda mbio. Na kama hujafika wiki ya 37, usikae kuhesabu, nenda.

Ute mzito wenye damu kidogo ukitoka usishtuke, unaweza kutangulia uchungu kwa saa au hata siku kadhaa.

Hatua ya 4: Mambo ambayo hayasubiri hesabu

Damu inayotoka kama ya hedhi, kichwa kuuma sana pamoja na macho kuona ukungu, uso kuvimba ghafla, homa, degedege: nenda saa hiyohiyo. Na mtoto kupunguza kucheza. Hili naliwekea mkazo kwa sababu watu bado wanaambiana eti mtoto akikaribia kuzaliwa anatulia. Si kweli, anatakiwa acheze kama alivyozoea mpaka siku ya uchungu, akipungua usingoje asubuhi.

Hatua ya 5: Chupa ikipasuka

Hata kama huna uchungu, andika saa, vaa pedi safi, usiingize kitu chochote ukeni, angalia rangi ya maji, kisha mpigie mkunga uende. Yakiwa ya kijani au kahawia ni haraka zaidi. Ukiona au ukihisi kamba ya kitovu cha mtoto imetangulia kutoka, piga magoti, kifua chini makalio juu, usiirudishe ndani, na mwenzako aite msaada hapohapo.