Namna ya kuchora mstari wa wakati wa Eduardo Mondlane

Mistari mingi ya darasani huishia 3 Februari 1969, siku Mondlane, kiongozi wa ukombozi wa Msumbiji, alipouawa Dar es Salaam. Anza kwa kulikwepa kosa hilo, maana nchi aliyoipigania ilipata uhuru miaka sita baadaye.

Gundisha manila nne za A1 zikiwa zimelala, kila moja ipande juu ya mwenzake sentimita 2. Utapata sentimita 330: mstari uchukue 272, zibaki 29 kila upande.

Usitumie kipimo kimoja. Ukitoa sentimita 5 kwa kila mwaka, 1962 hadi 1969 itabanwa ndani ya sentimita 35 na kadi zitapandana, huku miaka ya utoto ikiachwa wazi. Toa sentimita 2 kwa mwaka kuanzia Januari 1920 hadi mwisho wa 1959, kisha 12 kwa mwaka hadi mwisho wa 1975, yaani sentimita 1 kwa mwezi. Kwenye alama ya 80 kata mstari kwa wino mwekundu na uandike vipimo vyote viwili.

Sehemu ya kwanza inatosha kadi tatu: kuzaliwa mkoa wa Gaza, Msumbiji, 20 Juni 1920, masomo Lisbon, 1950, kazi Umoja wa Mataifa, 1957.

Sehemu ya pili ina tarehe nne za 25, tatu za Msumbiji na moja ya Lisbon (utaikuta chini), na hapo ndipo wengi huteleza. 25 Juni 1962 (alama ya 110) FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, iliundwa Dar es Salaam. Kwenye kadi taja vyama vilivyoungana kuiunda: UDENAMO, MANU na UNAMI. Ukiandika tu "Mondlane alianzisha FRELIMO" umewafuta waliokubali kuungana chini yake. 25 Septemba 1964 (137) vita vya ukombozi dhidi ya Wareno vilianza, Chai, Cabo Delgado. 25 Juni 1975 (266) ni uhuru.

Kifo kinaangukia 189. Andika mahali sawasawa: bomu lilikuwa ndani ya kifurushi cha kitabu, likamlipukia katika nyumba ya Oyster Bay, si ofisini.

Kutoka hapo hadi uhuru ni sentimita 77, na ndizo zinazostahili kazi kubwa kuliko zote. Usimrukie Samora Machel moja kwa moja. Kwanza kulikuwa na baraza la watu watatu, Uria Simango, Samora na Marcelino dos Santos. Samora akawa rais wa FRELIMO 1970. Halafu mapinduzi ya Lisbon yaliyoiangusha serikali ya Ureno, 25 Aprili 1974, na Mkataba wa Lusaka, ambao Ureno ilikubali uhuru wa Msumbiji, 7 Septemba 1974.

Ukingo wa kulia uwekee chuo kikuu cha Maputo, kilichopewa jina lake 1976, na 3 Februari, ambayo Wamsumbiji huiadhimisha kama Siku ya Mashujaa.