Kutia nanga kwenye hori la Lukuledi, Lindi

Boti ya safari ikifika Lindi haina haja ya kulala ghubani. Ukipita ndani zaidi, mto Lukuledi unapokutana na bahari, kuna hori, yaani mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, lenye mikoko, mji wa Lindi ukiwa upande mmoja na Kitunda ng'ambo. Mawimbi ya kaskazi yanayosumbua ghubani hupungua nguvu kabla ya kufika humo, na chini ni tope linaloshika nanga. Ni mahali pazuri pa kulala. Taabu yake haitoki kwenye upepo, inatoka kwenye maji: siku za bamvua (maji makubwa ya wakati wa mwezi mpevu na mwezi mwandamo) hupanda na kushuka kiasi cha meta 3.5, na mkondo hugeuka mara nne kwa siku. Anayetia nanga humu kama anavyotia ziwani ataamka amekaa juu ya tope.

Vipimo vilivyomo hapa ni vya boti ya meta 10 hadi 12, yenye uzito wa tani 6 hadi 10, ambayo mkuku wake (uti wa chini ya boti) unazama meta 1.5.

Nanga kubwa iwe ya kilo 20, ya umbo la jembe la plau. Ya pili iwe ya makoleo mawili mapana, kilo 12 hadi 15, kwa kuwa makoleo mapana ndiyo yanayoshika vizuri kwenye tope laini. Mnyororo uwe wa milimeta 10, meta 50, na nyuma yake kamba ya nailoni ya milimeta 16, meta 40. Pini ya pingu inayounganisha nanga na mnyororo ifungwe kwa waya. Mtikisiko wa siku chache hulegeza pini isiyofungwa, nanga ikabaki chini na wewe ukaondoka na mkondo. Tia alama ya rangi kwenye mnyororo kila meta 10. Chukua pia bildi, kamba yenye risasi ya kupimia kina, hata kama una mashine ya kupima kina. Paka grisi au sabuni ya mche kwenye kitako cha risasi, nayo italeta juu sampuli ya chini: tope, mchanga au vipande vya makome. Mashine haikwambii hilo.

Ingia maji yakiwa yanajaa. Kwenye pwani hii, siku za bamvua maji hujaa karibu saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hukupwa karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku. Kwa hiyo saa sita hadi saa saba mchana ni wakati mzuri: jua liko juu, mafungu ya mchanga na tope bado yanaonekana kwa rangi ya maji, na ukigusa chini utainuliwa baada ya dakika chache. Ukigusa wakati maji yanakupwa utakaa hapo saa nyingi. Ukipanda fungu kwenye kilele cha bamvua, huenda ukasubiri bamvua inayofuata, yaani wiki mbili. Usiamini sana ramani ya zamani, kwa sababu mto huleta tope kila masika na fungu la mwaka huu huenda halikuwepo wakati ramani ilipochorwa. Muulize nahodha wa mashua anayevuka hapo kila siku.

Sasa hesabu, ambayo ndiyo kazi yenyewe. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Gawa mpando wote sehemu 12: saa ya kwanza hupanda sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Tuseme yalikupwa saa nne asubuhi na wewe umefika saa saba mchana. Saa tatu zimepita, sehemu 6 kati ya 12, nusu ya meta 3.5, yaani meta 1.75. Boti yako inazama meta 1.5 na unataka meta 1 ya akiba chini ya mkuku maji yatakapokupwa, kwa hiyo unahitaji meta 2.5 wakati huo. Ongeza 1.75: bildi isome angalau meta 4.25 sasa hivi. Maji yakijaa kabisa zitakuwa 6. Ongeza urefu wa omo (sehemu ya mbele ya boti) kutoka kwenye maji, tuseme 1.2, upate 7.2. Ili kupata urefu wa kulegeza, zidisha kwa 5 kama ni mnyororo mtupu: meta 36. Kama ni mnyororo mfupi na kamba, zidisha kwa 7: karibu meta 50.

Kosa tunaloliona mara nyingi ni mtu kuzidisha kina cha saa aliyofika. Meta 20 zinamtosha mchana, jioni maji yakijaa mnyororo unaivuta nanga kuelekea juu badala ya kuilaza, nanga inalegea, na boti inaanza kuikokota polepole bila mtu kusikia kitu. Kumbuka pia kwamba bamvua hufikia kilele siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo. Ukitia nanga siku ya mwezi wenyewe, kesho maji yatakupwa zaidi ya leo.

Mnyororo wa meta 36 pamoja na boti ya meta 11 hukupa duara la karibu meta 90 kutoka upande hadi upande. Zunguka duara hilo lote kwa kihori (mtumbwi mdogo), ukipima. Lisiguse mikoko, lisikatize njia ya kivuko cha Kitunda, wala lisipite juu ya nyavu na mitego ya wavuvi. Vyombo vya jirani navyo havigeuki kama chako: ngalawa nyepesi hufuata upepo, boti yenye mkuku mrefu hufuata mkondo.

Elekeza omo kwenye mkondo, hata kama upepo unatoka kwingine. Simamisha boti, teremsha nanga mpaka iguse chini, kisha acha mkondo ukurudishe nyuma huku ukilegeza mnyororo kidogo kidogo. Usiumwage wote kwa mkupuo, utarundikana juu ya nanga na kuinasa. Ukifika meta 36, funga, ngoja dakika 10 hadi 15 nanga izame kwenye tope, ndipo uweke rivasi: mwendo mdogo kwanza, kisha nusu ya nguvu ya injini kwa dakika moja. Weka kiganja juu ya mnyororo. Ukinyooka na kutulia, imeshika. Ukitetemeka kwa kurukaruka, inakokota. Ing'oe uanze upya. Usiongeze nguvu ukitumaini itashika baadaye.

Mwisho funga kamba ya nailoni ya meta 6 kati ya mnyororo na omo ili ipokee mishtuko badala ya winchi, mashine ya kuvutia mnyororo. Usiku washa taa moja nyeupe inayoonekana pande zote. Mchana tundika tufe jeusi mbele.

Hori likibana, tumia nanga mbili. Angusha ya kwanza upande mkondo unakotoka, rudi nyuma mara mbili ya urefu unaoutaka, angusha ya pili, kisha jivute mpaka katikati. Zote zifungwe omoni, kamwe usifunge moja tezini, yaani nyuma. Boti sasa inageuka karibu mahali pamoja, maji yajae au yapwe. Kila asubuhi angalia kama kamba zimejisokota.

Kuanzia Desemba hadi Aprili mto hubeba magogo na matete, na mkondo wa maji yanayokupwa huwa mkali zaidi. Gogo likikaa juu ya mnyororo liondoe mara moja, kwani hukusanya mengine. Fuatilia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa: vimbunga havifiki mara nyingi huku kusini, lakini Kenneth alipiga Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, Aprili 2019, na Hidaya akaleta mafuriko Lindi Mei 2024.

Kwenda mjini kwa kihori, panga saa. Maji yakipwa bamvua, ufukoni hubaki tope la kufika magotini.

Nanga ikigoma kung'oka, usivunje winchi. Subiri maji yakupwe, vuta mnyororo mpaka usimame wima, funga kwa kamba imara, na uache maji yanayojaa yainue boti na nanga pamoja. Mtu asitoke omoni wakati huo, na awe na kisu kikali: omo ikianza kuzama badala ya nanga kung'oka, akate kamba mara moja, mnyororo ukimbie.