Namna ya Kusoma Programu ya Mageuzi ya Uchumi

Anayetaka kujua programu ya mageuzi ya uchumi inaidai nini serikali asianzie kwenye hotuba ya waziri wa fedha. Na afungue majedwali yanayoambatana na barua ya kusudio ambayo serikali huiandikia Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF), kwani humo ndimo masharti yanamowekwa kwa tarakimu na tarehe, na mafungu ya mkopo hutolewa kadiri utekelezaji unavyokaguliwa, mara nyingi kila baada ya miezi sita.

Tafuta kwanza salio la bajeti kabla ya riba. Serikali inayokusanya 100, ikatumia 98 kwa shughuli zake na kulipa riba ya 30, yaweza kutangaza ziada ya 2 ilhali imelazimika kukopa 28. Tangazo hilo si la uongo, ila yako mengi lisiyoyasema.

Kisha tazama madeni ya zamani. Zambia ilishindwa kulipa riba ya hatifungani zake, yaani hati za mkopo ilizowauzia wawekezaji, Novemba 2020, ikaidhinishiwa na IMF dola bilioni 1.3 Agosti 2022, lakini makubaliano na wenye hatifungani yalikamilika mwaka 2024.

Panapotajwa kushushwa kwa thamani ya sarafu, uliza ni nani anayeuza nje na ni nani anayenunua kutoka nje. Nchini Ghana, kabla ya mageuzi ya 1983, dola ilibadilishwa rasmi kwa sedi 2.75, na mkulima aliambulia bei duni kiasi kwamba kakao ilivushwa kwa magendo hadi Côte d'Ivoire. Kufikia 1986 dola ilikuwa sedi 90, na bei ya mkulima ilikuwa imepandishwa. Aliyetegemea mshahara na bidhaa za nje hakuwa na kakao ya kuuza. Kwa sababu hiyo mimi husoma mara mbili kifungu cha matumizi ya huduma za jamii, ambacho aghalabu huwa lengo elekezi tu, si sharti.

Usichanganye kushuka kwa mfumuko wa bei na kushuka kwa bei zenyewe. Bidhaa ya 100 ikipanda kwa asilimia 50 mwaka wa kwanza na asilimia 10 mwaka wa pili, itauzwa 165. Mshahara uliotoka 100 hadi 130 katika muda huo hautafikia hata asilimia 80 ya uwezo wake wa awali, ijapokuwa taarifa rasmi itasema kwamba uchumi umetengemaa.