Kupeleka Picha za Nyeusi na Nyeupe Galari Bila Kigugumizi

Swali la mwenye galari litakuja tu, pengine hata boksi hujamaliza kulifungua: "Hizi umezisafisha mwenyewe, au ni za kompyuta?" Mara ya kwanza nilijitetea kama mtu aliyeshikwa na kuku wa jirani. Siku hizi najibu kwa pumzi moja: za kompyuta na printa, wino wa pigmenti (wa chembe za rangi), karatasi ya pamba ya gramu 308 kwa mita ya mraba, nakala 10 basi. Jibu hilo huandaliwa mapema.

1. Chapa kipande kwanza. Skrini inawaka, karatasi haiwaki, kwa hiyo picha hutoka na giza kuliko ulivyoiona. Punguza mwanga wa skrini, kisha chapa vipande vya sentimita 10, kimoja penye giza zaidi na kingine penye nuru. Picha yangu ya kupimia ni ya bibi aliyeketi barazani Mji Mkongwe. Mikunjo ya buibui lake gotini ikigandana kuwa doa la masizi, narudi kwenye kompyuta. Kanzu ya mzee aliye nyuma yake nayo lazima ionyeshe mshono wa kifuani.

2. Saka rangi iliyojificha. Hapa ndipo nilipoumbuka. Kijivu changu kilikuwa safi chini ya taa ya nyumbani. Mwenye galari akasogea nacho dirishani, kikawa kijani. Printa yenye wino mweusi mmoja hutengeneza kijivu kwa kuchanganya rangi nyingine, na mchanganyiko huo hubadilika kwa kila aina ya mwanga. Tafuta printa yenye nyeusi na kijivu zaidi ya kimoja. Epson nyingi za wapiga picha zina mpangilio maalumu wa nyeusi na nyeupe. Kisha itazame chapa chini ya taa, kivulini na dirishani.

3. Chagua karatasi moja. Isiyong'aa ni laini kwa macho, ila weusi wake hauzami sana. Baraita, karatasi iliyopakwa tabaka la bariamu salfeti, ina weusi wa kina na mng'ao unaofanana na karatasi za chumba cha giza, kule picha za filamu zinakosafishwa. Mimi naipenda baraita, lakini sijawahi kumwacha mtu aamini kuwa ni chapa ya fedha, yaani iliyosafishwa kwa dawa chumbani humo. Aina ya wino na karatasi naiandika nyuma.

4. Ikaushe. Saa 24 kabla ya kuifunika, la sivyo mvuke wa wino huacha ukungu kwenye kioo cha fremu. Sisi wa pwani tuna adui mwingine: pamba hunywa unyevu na karatasi hujikunja. Boksi lisilo na asidi, vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu ndani, na lisikae sakafuni.

5. Namba na sahihi. Penseli, ukingoni au nyuma: 3/10, yaani nakala ya 3 kati ya 10. Ukishaandika 10, ya 11 kwa ukubwa uleule haipo, hata mjomba aombe.

6. Siku yenyewe. Picha 12 hadi 15, za ukubwa mmoja, bila fremu. Beba glavu za pamba jozi mbili, moja ya mwenyeji. Weka ya kwanza mezani, kisha nyamaza. Najua ni vigumu. Mimi huhesabu kimoyomoyo. Akiinama kuitazama kwa karibu, usimweleze chochote mpaka ainue kichwa. Akiuliza bei, mpe orodha iliyochapwa, bei ya chapa mbali na ya fremu.