Ng'ombe anapovunja ukurasa: nukuu na ritifaa kwenye PHP

Andika mstari huu kwenye PHP 8, lugha ya kutengenezea kurasa za tovuti upande wa seva (echo ni amri ya kutoa maandishi kwenye ukurasa):

echo 'Bei ya ng'ombe';

Ukurasa haufunguki. Unaletewa ujumbe: syntax error, unexpected identifier "ombe". PHP imeikuta ritifaa (alama ') ya ng', ikadhani maandishi yameishia hapo, na "ombe" likabaki nje. Anayeandika Kiswahili hawezi kuikwepa: ng'oa, ng'ambo, Murang'a.

Unaweza kutanguliza mkwaju wa nyuma ('ng\'ombe') au kuzungushia nukuu mbili ("ng'ombe"). Shida ni kwamba tagi za HTML nazo zimejaa nukuu mbili, kwa hiyo echo "<input type="text">" inakurudisha palepale. Afadhali uachane na echo: andika HTML kama ilivyo, kisha ufungue PHP pale tu penye thamani:

<input name="bidhaa" value="<?= htmlspecialchars($bidhaa, ENT_QUOTES, 'UTF-8') ?>">

Nukuu za ndani ya <?= ?> hazigombani na za nje, maana PHP humaliza kazi yake kwenye seva kabla kivinjari hakijaona chochote.

Usiiache htmlspecialchars, inayogeuza nukuu na alama nyingine za HTML kuwa misimbo isiyovunja tagi. Tuseme umeandika value='<?= $bidhaa ?>' na bidhaa ni Nyama ya ng'ombe. Safari hii hakuna ujumbe wa kosa. Kivinjari kinachukua "Nyama ya ng" basi, na mtu akibonyeza Hifadhi, hicho kipande ndicho kinachoingia kwenye hifadhidata. Mwenye nia mbaya naye hupitia mwanya huohuo kupenyeza JavaScript yake.

ENT_QUOTES ndiyo inayogeuza ritifaa kuwa &#039;. Kuanzia PHP 8.1 inatumika hata usipoitaja. Kabla ya hapo ritifaa ilipita bila kuguswa. Itaje tu, kwa kuwa seva za kukodi si zote zilizosasishwa.

Ukiona "ng&#039;ombe" waziwazi kwenye ukurasa, maandishi yamegeuzwa mara mbili: wakati wa kuhifadhi na tena wakati wa kuonyesha. Hifadhi yakiwa ghafi, geuza wakati wa kuonyesha tu.

Ndani ya onclick (JavaScript inayoendeshwa mtu akibonyeza) kinga hii haitoshi. Kivinjari huirudisha &#039; kuwa ritifaa kwanza, ndipo kinaikabidhi JavaScript, na mstari unakatika upya. Weka thamani kwenye data-jina="..." kwa htmlspecialchars ileile, halafu isome kwa dataset.jina.

Kuna pia nukuu zilizopinda, zinazokuja na msimbo ulionakiliwa kutoka Word. Kwa PHP hizo ni herufi kama nyingine: echo “Habari”; huleta Undefined constant, na unaweza kuukodolea macho mstari huo nusu saa usione kasoro. Zifute, uzichape upya kwa kibodi ndani ya kihariri cha msimbo.