Kagua chumba, usihesabu vyumba

Msimamizi, mpangie mhudumu wa vyumba katika hoteli ya Nyali, Mombasa, idadi ya vyumba vya kumaliza kwa zamu, naye ataimaliza. Ila gilasi zitafutwa kwa taulo iliyotumika, na mchanga wa ufuoni utasukumwa chini ya kitanda.

Jaribu hivi: kila zamu chagua vyumba 3 kwa kura, si vile vilivyo karibu na lifti, uvikague pamoja na mhudumu mwenyewe kabla mgeni hajaingia. Tazama panapofichika: nywele kwenye tundu la maji bafuni, ukungu kati ya vigae (unyevu wa bahari haupumziki), shuka upande wa ukutani, mchanga kwenye reli ya mlango wa roshani. Usitoe alama. Andika kasoro, na mbele yake sababu: shuka zilichelewa kwa dobi, mgeni alitoka saa 8 mchana, dawa ya ukungu imeisha stoo.

Baada ya wiki 2 soma daftari lote kwa mkupuo. Kasoro inayojirudia kwa wahudumu wote si yao. Ni ya dobi, ya stoo au ya ratiba, yaani ni yako wewe msimamizi. Deming, Mmarekani aliyewafundisha Wajapani mambo ya ubora kuanzia 1950, alipinga malengo ya idadi kwa hoja kama hiyo. Kasoro ya mtu mmoja, mwonyeshe palepale chumbani, kwa vitendo.

Na daftari lisifike kwa anayepanga mishahara. Likifika tu, sababu zitaanza kutungwa.